Msitu Bila Msemaji: Kitui na Makueni Mbele ya Mila Nyingine za Kujifunzia Porini

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Mawaziri walitumwa kaunti mbalimbali, majembe yakapigwa picha, miche ikafukiwa. Shabaha ya serikali, iliyotangazwa Desemba 2022, ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni shabaha kubwa wala si ya kubezwa, hasa katika nchi kavu kama Ukambani. Lakini katika hesabu hiyo ya miche kuna swali lisilo na safu yake: mtoto aliyepanda mche siku ile anaijua miti mingapi kati ya ile iliyosimama pale kabla hajazaliwa?

Misitu ya umma ya kumfundishia ipo. Kitui ina vilima vya Mutitu, Mumoni, Nuu na Endau, vinavyoinuka juu ya nyika kavu. Makueni ina Mbooni, Kilungu, Makuli na Nzaui, na huko chini kwenye joto upo msitu wa Kibwezi, uliokaa juu ya mawe ya volkeno na kunyweshwa na chemchemi zinazotokana na vilima vya Chyulu. Misitu hii ina mipaka, ina askari, ina sheria. Kwa maoni yangu, kinachokosekana ni msemaji, yaani mtu au kitu kinachosimama kati ya mti na mtoto na kumweleza anachokiona. Nitalinganisha jinsi Wakamba, Wamijikenda, Waswidi na Wajapani walivyoliziba pengo hilo, kisha niitazame hatua ya Kenya kama taifa.

Ithembo na mzinga

Tuanze nyumbani. Wakamba walikuwa na shule mbili za porini, nazo hazikufanana hata kidogo.

Ya kwanza ni ithembo, kichaka kitakatifu chenye mti mkubwa, mara nyingi wa jamii ya mkuyu, ambapo sadaka zilitolewa kuomba mvua au kufukuza maradhi. C. W. Hobley, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910, na Gerhard Lindblom, mtafiti wa Kiswidi aliyekuja Ukambani wakati huohuo, wote wawili waliandika juu ya mathembo na miiko yake. Mti wa ithembo haukatwi. Waliousemea ni aimu, roho za wahenga, na wazee wa ibada, waume kwa wake, ndio waliokuwa wakalimani wao. Kijana hakuwa na nafasi ndani. Alifundishwa kwa kuzuiwa, akajua mpaka ulipo kabla ya kujua kilichomo. Tusiipambe mila hii kupita kiasi: elimu ya ithembo ilikuwa ya wachache na ilisimama juu ya hofu. Hata hivyo ilifanikisha jambo ambalo uzio wa waya haujaliweza, kwa kuwa mti mkubwa ulisimama vizazi na vizazi bila mlinzi wa mshahara.

Simulizi za asili ziliongeza uzito wa mahali. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na aliyekusanya ngano za Wakamba, alieleza imani kwamba Mungu aliwatoa watu wa kwanza kwenye jabali. Wakamba wengi hulitaja jabali la Nzaui, Makueni, ambako zinaonyeshwa alama zinazosemwa kuwa nyayo za watu hao na mifugo yao. Mtoto aliyesikia hayo hakuweza kupanda Nzaui kama anavyopanda kilima chochote.

Shule ya pili haikuwa na ibada ndani yake. Ni shule ya malisho na mizinga. Mtazame mrina-asali wa Kitui kazini. Mzinga wake ni gogo lililochimbwa likawa wazi katikati, likazibwa vifuniko kwenye ncha zote mbili na kuning'inizwa juu ya mgunga au mbuyu. Ubavuni mwa gogo kuna alama, nayo ni ya ukoo wake. Mjukuu anayemfuata hapewi mhadhara. Anaambiwa ashike kamba, anyamaze, aangalie nyuki wanaingilia upande gani. Miaka ikipita anajua ni mgunga upi unaochanua kabla ya mvua na upi baada yake, na kwa nini asali ya msimu mmoja ni nyeupe na ya mwingine ni nyeusi. Anazijua alama za koo jirani pia, hivyo anaelewa kuwa pori lile ambalo mgeni analiona halina mtu lina wenyewe kwenye mti huu na ule.

Katika shule hii pori lenyewe hupata sauti. Mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, humjia mrina-asali akilia kwa fujo, akaruka hadi mti wa mbele, akamngoja, akaruka tena, mpaka wafike penye nyuki. Mtu hufungua tundu kwa moshi na shoka. Ndege hupata nta na majana. Wazungu wengi walidhani hizo ni porojo za wazee. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa warina-asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Katika maeneo wasiyoyajua, bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota kimoja cha nyuki. Wakiongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, uliolinganisha Wayao wa Msumbiji na Wahadza wa Tanzania, ulionyesha kwamba mlembe wa kila mahali huitikia zaidi mwito wa wenyeji wake: Wayao hutoa mguno wa aina yao, Wahadza hupiga mluzi.

Uzuri wa shule ya mzinga ni kwamba mwanafunzi hukumbuka, maana asipokumbuka analala njaa au anaumwa na nyuki. Udhaifu wake umejificha hapohapo. Elimu inayobebwa na haja hufa pamoja na haja yenyewe. Asali ikianza kununuliwa dukani, mbuzi wakiachiwa kibarua, mtoto akishinda darasani kuanzia asubuhi hadi jioni, shule hiyo inafungwa kimya kimya. Walembe nao hujitenga, kwani imeonekana pengi Afrika kwamba watu wakiacha kumfuata ndege huyu, naye huacha kuwaita.

Kaya za Pwani

Wamijikenda wana jambo la kutufundisha hapa, kwa sababu walianza karibu na pale walipoanzia Wakamba. Kaya ni masalia ya vijiji vya kale vilivyozungukwa na msitu, na baada ya watu kuhama zikabaki mahali pa ibada na maziko. Miiko yake inafanana na ya ithembo: hukati, huokoti, hupigi kelele. Kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia.

Kaya Kinondo, katika kaunti ya Kwale, imepiga hatua moja zaidi. Wenyeji wamekubali wageni waingie, lakini kwa masharti yao. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi, hutembea nyuma ya mwongozaji wa kijijini, huelezwa mti huu unatibu nini na ule unaogopwa kwa nini, kisha hutoka bila hata jani moja mkononi. Wanafunzi huingia kwa utaratibu huohuo. Mwiko haukuvunjwa, wazee wameuweka uwe sehemu ya somo.

Mbona mathembo ya Ukambani hayakufuata njia hiyo? Sababu ni nyingi, lakini moja iko wazi. Misheni ya African Inland Mission ilijenga kituo chake cha kwanza mwaka 1895 palepale Nzaui. Ukristo uliingia Ukambani mapema na kwa nguvu, na kwa waumini wengi ithembo likawa jambo la kuonewa haya. Wazee waliofariki hawakuacha warithi wa kazi ile. Silaumu imani ya mtu, kwa kuwa imani hiyohiyo ilileta shule na hospitali. Nasema tu kwamba msemaji wa kale aliondolewa na kiti chake hakikupata mtu wa kukikalia.

Kiumbe wa msituni Uswidi

Sasa twende kaskazini ya mbali, katika nchi ya yule Lindblom aliyechapisha ngano, vitendawili na methali za Wakamba kule Uswidi katika miaka ya 1920 na 1930. Huko kuna chama cha kuhimiza maisha ya nje, Friluftsfrämjandet, kilichoanzishwa mwaka 1892. Mwaka 1957 mmoja wa viongozi wake, Gösta Frohm, alibuni kiumbe wa msituni aitwaye Skogsmulle. Ni mtu mzima aliyevaa nguo za kijani na kofia ya maganda ya mti, anayejificha nyuma ya miti mpaka watoto wamwite. Akitokea, anaimba nao, anawaonyesha mdudu chini ya gogo, anawasihi wasitupe takataka. Tangu mwaka 1985 zikazuka shule za chekechea zenye mtindo huo, ambazo watoto wake hushinda nje wakati wa mvua, jua au theluji.

Ukimweka Skogsmulle karibu na aimu utaona undugu usiotarajiwa. Jamii zote mbili ziliona kwamba mtoto mdogo hausikii mti, bali humsikia mwenye mti, kwa hiyo zikamweka mwenyewe msituni. Tofauti iko katika hisia aliyokabidhiwa. Aimu huogopwa, na mtoto hukaa mbali. Skogsmulle huchekwa, na mtoto husogea karibu. Wa kwanza aliulinda mti vizuri zaidi. Wa pili anamfundisha mtoto vizuri zaidi. Msitu wa umma unahitaji kazi zote mbili, na haufai kuchagua moja.

Nyuma ya mchezo huo ipo haki. Sheria na desturi ya Uswidi humruhusu kila mtu kutembea msituni, hata katika msitu wa mtu binafsi, mradi asiharibu wala asisumbue, na haki hiyo imetajwa katika katiba tangu 1994. Mwalimu haombi kibali cha kuwatoa watoto nje. Lipo na jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote: watoto wale hurudi mahali palepale. Wanaujua mti mmoja ukiwa na majani, ukiwa mtupu, ukiwa na theluji. Safari moja ya basi kwa mwaka haiwezi kutoa hayo.

Bila shaka hatuwezi kuiga kila kitu. Msitu wa Uswidi hauna swila wala nyati, na tembo wa Kibwezi haulizi mtoto yuko darasa la ngapi. Walimu wetu wana wanafunzi wengi na hawana makoti ya mvua ya kugawa. Hayo ni ya kweli, na nitayarudia mwishoni. Lakini kurudi mahali palepale hakuhitaji koti la mvua.

Wajapani wawili

Japani inatupa ulinganisho mgumu zaidi, kwa kuwa imekuja kwetu kwa sura moja na kubaki kwao kwa sura nyingine.

Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi waende wakaoge msituni, shinrin-yoku kwa lugha yao. Hakuna maji katika kuoga huko. Mtu hutembea polepole, hunusa, husikiliza, hugusa gome, hukaa. Hahesabu ndege wala hajifunzi majina. Baadaye madaktari, akiwemo Qing Li wa Tokyo, wakaanza kupima shinikizo la damu na kinga ya mwili ya watu waliotoka kwenye matembezi hayo. Katika mila hii msemaji wa msitu ni mwili wa mwenye kuutembelea. Inawafaa watu wa ofisi na treni, waliochoka kwa kelele za mji.

Muda si muda, katikati ya miaka ya 1980, Japani hiyohiyo ilifika Kitui kupitia shirika lake la JICA. Kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ilijenga kituo cha kufunza wakulima upandaji wa miti katika nchi kavu, mradi uliodumu hadi 1997. Hapakuwa na habari za kuoga msituni. Palikuwa na kitalu, jembe na mche. Baadaye, kati ya 2004 na 2009, ikaja awamu ya mashamba-darasa katika Kitui na wilaya jirani, kisha juhudi za kuboresha mbegu za mukau, mti wa asili wa Ukambani unaotoa mbao nyekundu zinazofananishwa na mahogani.

Mukau hauoteshwi kwa kumwaga mbegu tu. Tunda lake lina kokwa ngumu kama mfupa, na ndani ya kokwa zimo mbegu chache zilizovaa ngozi. Mkulima huweka kokwa juu ya kigogo, huipasua kwa kisu kwa uangalifu asiikate mbegu, huzitoa moja moja, hukwangua ncha ya ngozi kwa wembe, huloweka, ndipo hupanda kwenye mchanga. Akikosea kidogo mbegu inaoza. Mkulima aliyepasua kokwa mia hahitaji bango la kumwambia mukau ni mti wa thamani.

Shamba-darasa nalo lilikuwa na utaratibu wake: kundi la majirani hukutana mara kwa mara kwenye shamba moja kwa msimu mzima, hupima miche, huchora walichoona, hubishana, huamua. Hebu msomaji atue hapa kidogo. Kundi moja, mahali pamoja, msimu mzima, macho na daftari: huo ndio uti wa mgongo wa shule za msituni za Uswidi, na umekuwepo Kitui kwa miaka mingi. Tuliwapa watu wazima, tena kwa ajili ya mti utakaouzwa. Watoto tukawaachia sherehe ya kupanda.

Taifa na lango lake

Tumefika kwa mwenye msitu wa leo. Taifa la Kenya lilirithi kutoka kwa wakoloni wazo kwamba wanyama na miti hulindwa dhidi ya wenyeji. Hifadhi ya Tsavo, inayopakana na Kitui na Makueni, iliundwa mwaka 1948. Mwaka 1956 na 1957 ikaendeshwa kampeni kali dhidi ya ujangili humo, David Sheldrick akiwa mmoja wa viongozi wake, na wawindaji wengi wa Kikamba na Kiwaata wakafungwa jela. Tembo walikuwa wakiuawa kwa wingi na ulinzi ulihitajika. Hata hivyo waliofungwa walikuwa miongoni mwa watu waliowajua tembo kuliko mtu yeyote: njia zao, vinyesi vyao, chumvi wanayoifuata. Maarifa hayo hayakuandikwa na aliyewakamata, na wao walipotoka jela hawakuwa na sababu ya kuyatangaza. Leo katika msitu wa Kibwezi, penye chemchemi za Umani, shirika linaloitwa kwa jina la Sheldrick linalea tembo yatima kwa ushirikiano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kazi hiyo inasifiwa dunia nzima, na ni haki isifiwe. Ni nani basi atakayemwonyesha mtoto wa Kibwezi kinyesi cha tembo na kumwambia alikula nini jana?

Si kwamba Kenya haikujaribu. Vilabu vya wanyamapori vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na vizazi vya vijana viliona hifadhi kwa mara ya kwanza kupitia vilabu hivyo. Jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yameendelea tangu Fleur Ng'weno alipoyaanzisha mwaka 1971. Mtaala wa umilisi umewapa watoto wa madarasa ya chini somo la shughuli za mazingira. Na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya kijamii vya misitu kuingia mkataba na KFS na kupata haki za matumizi. Orodha ya haki hizo ina kurina asali, kuchuma dawa, kukata nyasi na kulisha mifugo, na ndani yake zimo pia utalii, burudani na shughuli za elimu na sayansi. Sheria imeshafungua mlango. Vyama vingi husikika vikizungumzia kuni, asali na malisho. Haki ya elimu haisikiki sana.

Nenda Nzambani uone nguvu ya msemaji. Jabali hilo, nje kidogo ya mji wa Kitui, lina ngazi ya chuma ya kulipanda na lina hadithi mbili: ya binti aliyeketi juu ya jiwe likakua naye, na ya kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Watoto wa shule hufika wakicheka, hujipa moyo wa kuzunguka mara moja, huogopa ya saba, hurudi nyumbani na kusimulia. Hadithi imelifanya jabali liwe mahali. Vilima vya misitu vilivyo mbele ya macho yao wakiwa juu ya jabali havina anayevisimulia, kwa hiyo hubaki kuwa rangi ya buluu kwa mbali.

Ndege mmoja, madarasa mawili

Mfano mmoja utaonyesha hasara tunayoipata. Kuna ndege mdogo wa kahawia, mnyonge wa sura, ambaye Waswidi wa kusini humngoja kila Mei kwa sababu huimba usiku kwa sauti ya ajabu. Baridi ikikaribia huhama. Kila Novemba na Desemba, mvua za vuli zinaponyesha na nyika kuvaa kijani, ndege wa aina yake hupita kwenye vichaka vya mashariki mwa Kenya. Tunalijua hili kwa uhakika kwa sababu tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa ndege wahamao huko Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu, wakiwavisha pete za chuma miguuni na kuwaachia.

Kwa hiyo mtoto wa chekechea kule Uswidi na mtoto wa Mtito Andei wanaweza kuwa na mgeni mmoja kwa miezi tofauti. Wa kwanza anafunzwa jina lake akiwa na miaka mitano. Wa pili hupita kando ya kichaka anamotua ndege huyo akielekea shule, ambako atasoma kwenye kitabu kuhusu ndege wanaohama. Wala si lazima tumtafute mgeni. Hondohondo wa Kitui huwepo mwaka mzima. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kuliziba, akibakiza ufa mwembamba tu, naye dume humlisha kupitia ufa huo kwa wiki kadhaa. Darasa linalorudi kwenye mti mmoja kila Ijumaa litaliona jambo hilo lote, kuanzia kuzibwa hadi kufunguliwa. Darasa linalokuja mara moja litaona tundu.

Hukumu

Methali mbili za Kiswahili zinavutana juu ya suala hili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wanaopenda kuiga Uswidi na Japani. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wanaotaka turudi kwenye ithembo. Baada ya ulinganisho huu naona kila upande una nusu ya ukweli. Kutoka kwa Waswidi tuchukue haki ya kuingia na desturi ya kurudi mahali palepale. Skogsmulle na kofia yake tuwaachie. Kutoka kwa Wajapani tuchukue shamba-darasa lao la Kitui, tulishushe hadi kwa watoto. Kuoga msituni kutawafaa wenye magari wanaotoka Nairobi. Kutoka kwa Kinondo tuchukue ujasiri wa wazee kuufanya mwiko uwe somo. Na kutoka kwa Wakamba tuchukue kile ambacho hakuna mwingine anacho: watu wanaolijua pori hili kwa mikono yao. Wengine wao bado wapo, lakini umri hauwangoji.

Hili halihitaji mfadhili mkubwa. Shule zilizo umbali wa kutembea kutoka msitu wa umma zipewe kibali cha mwaka mzima, bila ada, kupitia mkataba wa chama cha msitu cha eneo hilo. Kila darasa lichague mahali pamoja na kurudi hapo angalau mara moja kwa mwezi, na daftari. Chama kiteue wasemaji wake, mrina-asali, mama mjuzi wa dawa, mchungaji wa zamani, na kaunti iwalipe posho kama inavyowalipa wengine wanaofanya kazi ya umma. Askari wa msitu atembee mbele ya watoto kwa sababu ya nyoka na tembo, na akifika apokelewe kama mwalimu msaidizi, kwani naye anajua mengi ambayo hajawahi kuulizwa. Wazee wa makanisa wasiogope: kumsikiliza mzee akieleza mti si kuabudu mti.

Mabunge ya kaunti za Kitui na Makueni yana uwezo wa kutenga fedha hizo katika bajeti ya mwaka ujao, na vyama vya misitu vina haki ya kisheria ya kuomba. Mwalimu uliye karibu na Mutitu, Nuu, Nzaui au Kibwezi, usingoje siku nyingine ya kitaifa ya kupanda miti. Mwandikie mwenyekiti wa chama cha msitu cha kwenu muhula huu, na umwombe mtu mmoja wa kuwasemesha watoto wako.